Orodha ya wanaolipwa ruzuku ya kilimo na safu inayokosekana

Ulaya ruzuku ya shamba haina siri ya jina, angalau kwenye karatasi. Kila nchi ya Umoja wa Ulaya inatakiwa, ikifika tarehe 31 Mei, iwe imeweka kwenye tovuti yake orodha ya watu na kampuni zilizolipwa fedha za Sera ya Pamoja ya Kilimo katika mwaka wa fedha uliopita. Mwaka huo hauendi na kalenda: unaanza 16 Oktoba na kuishia 15 Oktoba. Ukilisahau hilo utashangaa kwa nini malipo ya mwaka fulani hayalingani na msimu wake.

Fedha yenyewe si haba. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 ni karibu euro bilioni 387, kama theluthi ya bajeti yote ya Umoja. Ukifungua orodha unakuta jina, manispaa na namba yake ya posta, kiasi, na malipo hayo yametolewa kwa kifungu gani. Ukitafuta shamba lina hekta ngapi, huoni. Shamba liko wapi, huoni. Namba ya posta ni ya mlipwaji, si ya ardhi; mtu anaweza kuishi mjini na kulipwa kwa mlima ulio mbali naye mwendo wa siku nzima.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Orodha ya wanufaika ina thamani kwa kadiri inavyoweza kuunganishwa na daftari jingine: la ardhi, la kampuni, la mizigo iliyopakiwa na kushushwa. Serikali nyingi zimekwisha kujifunza kufungua orodha huku zikikata kiungo. Msomaji anabaki na majina elfu mia na hana la kufanya nayo zaidi ya kuangalia nani yuko juu.

Kwa nini hekta ndiyo kila kitu

Kabla ya 1992 Ulaya ilikuwa inamlinda mkulima kwa bei: zao likishuka bei, umma unanunua. Mageuzi ya mwaka huo yakaanza kumlipa mkulima moja kwa moja, na yale ya 2003 yakatenganisha malipo na kile anacholima. Tangu hapo sehemu kubwa ya fedha inahesabiwa kwa hekta. Mwenye hekta 10 na mwenye hekta 3,000 wanapigiwa hesabu kwa kanuni ileile, na matokeo yake yanajulikana: takwimu za Tume ya Ulaya yenyewe zimekuwa zikionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huenda kwa asilimia 20 ya wapokeaji. Hapo hakuna wizi. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa.

Kwa kipindi cha 2023 hadi 2027 nchi inaruhusiwa kuanza kukata malipo yanayozidi euro 60,000 na kuyafunga kabisa yakifika 100,000. Inaruhusiwa, hailazimishwi. Na palipowekwa ukomo, kampuni moja huzaa tatu. Shamba ni lilelile na trekta ni zilezile, ila kwenye orodha zinaonekana kampuni tatu, kila moja ikiwa chini ya ukomo.

Orodha ilivyofunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa nusu

Denmark ndiyo iliyotangulia, mwaka 2004, baada ya waandishi wa habari kuomba takwimu kwa sheria ya nchi hiyo ya kupata taarifa. Uingereza ikafuata 2005, na umma ukaona kwamba miongoni mwa waliolipwa vizuri walikuwemo Malkia Elizabeth II na kampuni ya sukari ya Tate & Lyle. Mwaka huohuo waandishi na watafiti wachache walianzisha farmsubsidy.org, kazi yake ikiwa kukusanya orodha za nchi zote mahali pamoja, maana kila nchi ilikuwa na umbo lake, lugha yake na ujanja wake wa kuficha kitufe cha kupakulia.

Kisha sheria ya Umoja ikalazimisha kila nchi itangaze, mara ya kwanza ikiwa 30 Aprili 2009. Haikudumu. Shamba moja na mkulima mmoja wa jimbo la Hessen, Ujerumani, walikwenda mahakamani, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatoa hukumu katika kesi C-92/09 na C-93/09. Wengi huisoma vibaya hukumu hii kana kwamba ilisema majina ni siri. Haikusema hivyo. Ilisema kutangaza jina la kila mtu binafsi bila kutofautisha kiasi, muda, mara ngapi amelipwa na msaada ni wa aina gani kunapita kiasi. Kampuni zilibaki kwenye orodha, watu binafsi wakaondolewa.

Jibu la watunga sheria likaja 2013: majina yarudi, ila anayelipwa chini ya euro 1,250 kwa mwaka aandikwe kwa msimbo badala ya jina. Na kama katika manispaa yake wanaolipwa ni wachache kiasi kwamba msimbo utamtambulisha, mahali pake paandikwe kwa eneo kubwa zaidi. Huo ni ufundi mzuri, unafaa kuigwa. Unamlinda mwenye shamba dogo bila kumpa kivuli mkubwa.

Lakini sheria hiyohiyo iliweka jambo lisilozungumzwa sana: taarifa hukaa kwenye tovuti miaka miwili tu tangu itangazwe, basi. Orodha ya mwaka mmoja inakuambia nani kalipwa. Orodha ya miaka kumi inakuambia nani amekua, nani amegawanyika, na kampuni ipi ilizaliwa mwezi mmoja kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Ukitaka kufuatilia nchi yoyote, pakua faili lote kila Juni, liandike tarehe uliyolipakua, na usiliguse. Fanya kazi kwenye nakala.

Kiungo cha kwanza kinachokatwa: ardhi

Ufaransa na Uholanzi hutoa hadharani ramani za mashamba yote yanayoombewa ruzuku, kila kipande na mipaka yake na zao lililopandwa. Ni hazina kwa mtafiti. Ila ramani hizo hazina jina la mwombaji. Kwa hiyo una daftari mbili zilizo wazi, moja ya majina bila ardhi na nyingine ya ardhi bila majina, na uzi wa kuzishona haupo.

Matokeo yake yalionekana Ugiriki. Mwaka 2025 uchunguzi wa Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Umma wa Ulaya ulianika madai ya ruzuku za malisho yaliyoombwa na watu wasio na mifugo, kwa ardhi wasiyoimiliki wala kuikodi, nyingine ikiwa mbali kabisa na walikoishi. Mwishoni mwa Juni mwaka huo waziri mmoja na manaibu waziri kadhaa wakajiuzulu, na serikali ikaamua kuivunja OPEKEPE, taasisi iliyokuwa inalipa, na kuhamishia kazi yake kwenye mamlaka ya kodi. Angalia vizuri: majina ya waliolipwa yalikuwa yakitangazwa miaka yote hiyo. Mfugaji wa kijiji ambacho malisho yake yameombewa na mgeni hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa kusoma orodha, kwa sababu jina la mgeni limeandikwa kwenye manispaa ya mgeni.

Slovakia ilikuwa mbaya zaidi. Mwandishi Ján Kuciak, aliyeuawa pamoja na mchumba wake Martina Kušnírová tarehe 21 Februari 2018, alikuwa akifuatilia, pamoja na mengine, wafanyabiashara wa Kiitaliano wa mashariki mwa nchi hiyo na ruzuku za kilimo walizopokea. Kazi ile ilihitaji kuunganisha malipo, ardhi na daftari la kampuni. Ndiyo maana ilikuwa ngumu, na ndiyo maana ilikuwa na uzito.

Marekani walikata kiungo hiki kwa sheria kabisa. Shirika la Environmental Working Group limekuwa likiweka mtandaoni malipo ya Wizara ya Kilimo tangu 2001, jina kwa jina. Sheria ya kilimo ya 2008, kifungu cha 1619, ikaizuia wizara kutoa taarifa za mipaka na mahali pa mashamba zinazotokana na programu hizo. Majina yakabaki, ramani ikaondoka.

Kiungo cha pili: mwenye kampuni

Marekani hiyohiyo ina mfano ninaoupenda kwa namna ulivyo mdogo. Sheria ya 2002 iliiagiza wizara ifuatilie malipo yanayopita kwenye kampuni, ubia na ushirika hadi kwa mtu anayefaidi mwishoni. Taarifa zile zilipotoka, jina lililofichwa nyuma ya ushirika likaonekana. Mwaka 2008 Bunge likabadilisha neno moja: badala ya wizara kutakiwa kuzitoa, ikawa inaweza kuzitoa. Hakuna aliyefuta kitu, ila neno lilitosha.

Na kwa miaka mingi ukomo wa Marekani ulikuwa dola 125,000 kwa mtu. Ubia wa kawaida wa watu wanane wanaohesabika kuwa wanashiriki kilimo unapata ukomo mara nane. Bila kujua wabia ni akina nani, huwezi kujua kama wote wanane wanaijua njia ya kwenda shambani.

Ulaya mfano wake ni Jamhuri ya Czech. Kampuni za kundi la Agrofert, lililoanzishwa na Andrej Babiš, zilikuwa zikipokea ruzuku wakati yeye ni waziri mkuu, na mali ilikuwa imewekwa chini ya wadhamini tangu 2017. Ukaguzi wa Tume ya Ulaya uliotangazwa Aprili 2021 ukahitimisha kwamba ushawishi wake ulibaki na kulikuwa na mgongano wa maslahi. Sheria mpya ya Umoja iliyoanza kutumika 2023 sasa inamtaka mwombaji aliye ndani ya kundi la kampuni ataje kampuni mama na namba yake ya kodi. Hicho ndicho kiungo. Ubaya wake ni kwamba kinategemea mwombaji aseme kweli.

Ukiwa na faili mkononi

Kosa la kwanza ni la nukta na mkato. Ujerumani elfu moja mia mbili hamsini huandikwa 1.250,00. Ukifungua faili hilo kwenye kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kiingereza, ama inasoma 1.25, ama inaiona ni maneno na kuiruka kwenye jumla. Kabla ya chochote, jumlisha safu ya kiasi na ulinganishe na jumla iliyotangazwa na nchi husika. Zikipishana mara elfu, tatizo ni nukta.

La pili, kuna malipo yenye alama ya kutoa. Hayo ni marejesho: mtu kalipwa zaidi au kakutwa na kosa, akakatwa. Usiyafute. Mara nyingi ndiyo mlango wa kuingilia.

La tatu ni mtu kutokea mara nyingi. Kila kifungu cha malipo kina mstari wake, kwa hiyo mkulima mmoja anaweza kuwa na mistari sita. Ukihesabu mistari ukadhani ni watu, utaandika upuuzi. Unganisha kwa jina pamoja na namba ya posta, si jina peke yake. Kisha pitia kwa macho yale yanayofanana: kampuni iliyoandikwa na kifupisho cha aina yake mwaka huu na bila kifupisho mwaka jana, herufi zenye alama juu zilizopotea wakati wa kuhamisha faili.

La nne ndilo huwaaibisha waandishi. Walio juu kabisa kwenye orodha mara nyingi si wakulima. Ni manispaa, mamlaka za maji na misitu, na vyama vya wakulima wa matunda na mboga ambavyo hupokea kwa niaba ya wanachama mamia. Ukiandika kichwa cha habari "ushirika huu umekula milioni" wakati umezigawa, umemsaidia mwizi wa kweli kwa kuwapa watu sababu ya kutokuamini anayefuata. Na fedha za maendeleo vijijini zina sehemu ya Umoja na sehemu ya nchi yenyewe. Angalia safu uliyoijumlisha ni ipi.

Huku kwetu: jina tu lilitosha, halafu halikutosha

Tanzania ilikuwa na orodha ya wazi kabla watu wengi hawajalifikiria hilo kwa jina la uwazi. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza msimu wa 2008/09 na kuishia 2013/14 ulitoa seti ya vocha tatu kwa kaya kwa ekari moja ya mahindi au mpunga: ya mbolea ya kupandia, yaani DAP au Minjingu; ya mbolea ya kukuzia, yaani urea; na ya mbegu, kwa mahindi kilo 10. Vocha ilifidia kama nusu ya bei, nusu nyingine mkulima alitoa mfukoni. Kamati ya vocha ya kijiji ilikuwa na wajumbe sita, wanaume watatu na wanawake watatu, waliochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mnufaika alitakiwa awe mkazi, mkulima wa kudumu, asiyezidi hekta moja ya mazao hayo, na awe na uwezo wa kulipia sehemu yake. Kaya zinazoongozwa na wanawake zilipewa kipaumbele. Wakala wa pembejeo akikusanya vocha alizipeleka benki ya NMB kulipwa.

Kijijini jina moja ni daftari zima. Anayesoma ubao wa ofisi ya kijiji anajua Mzee fulani analima ekari ngapi, anajua mwanawe yuko Dar na hajashika jembe miaka minne, anajua yule mama mjane wa kitongoji cha juu hayupo kwenye orodha. Hakuhitaji safu ya ardhi wala ya umiliki. Kiungo kilikuwa kichwani mwake.

Hata hivyo utafiti uliotumia takwimu za kaya za mkoa wa Kilimanjaro za mwaka 2009 uligundua kwamba viongozi wa vijiji waliochaguliwa walichukua takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa, na kwamba hali hiyo iliharibu zaidi ulengaji katika vijiji vya mbali na vyenye tofauti kubwa ya kipato. Orodha ilikuwa inaonekana, lakini wa kulalamikiwa ndio waliokuwa wanaigawa. Ndiyo maana sipendi kusikia ikisemwa kwamba uwazi peke yake hutibu. Pale palihitajika kanuni nyepesi: mjumbe wa kamati na mwenyekiti wasipewe vocha katika mwaka wao, au majina yao yaandikwe juu kabisa ya orodha, kwa wino mwingine, mbele ya mkutano.

Wizi wa vocha ulikuwa na sura mbili zilizojirudia. Mvua imeanza, vocha zimechelewa, mkulima kaishiwa na hana nusu yake ya bei. Anamwachia wakala vocha kwa fedha kidogo, wakala anaipeleka benki kama mfuko umetoka. Sura ya pili ni sahihi ya mkulima ambaye hajawahi kuiona vocha. Zote mbili kwenye orodha ya wanufaika zinaonekana safi: jina lipo, ekari ipo, mfuko "umetoka".

Mfumo wa sasa, uliozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane 2022, ni wa namna nyingine. Mkulima anaandikishwa kijijini, anapewa namba, anakwenda kwa wakala, na muamala unarekodiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Kwa msimu wa 2022/23 serikali ilitenga shilingi bilioni 150, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukawekwa shilingi 70,000 wakati bei ya soko ilikuwa imevuka 120,000. Kenya nayo huandikisha wakulima kwenye mfumo wa KIAMIS, na tangu Agosti 2023 iliuza mfuko wa ruzuku kwa shilingi 2,500 za Kenya.

Mfumo wa kidijitali umeziba matundu mengi ya karatasi. Lakini umefanya jambo ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha: umeitoa orodha ubaoni. Taarifa sasa ni nyingi kuliko zamani, zina saa na dakika, na hakuna jirani anayeziona. Yule aliyekuwa anajua ekari za Mzee fulani hana tena pa kusoma.

Na kuna jambo la pili. Katika ruzuku ya mbolea mnufaika kwenye daftari ni mkulima, ila Hazina haimlipi mkulima. Inalipa tofauti ya bei kwa kampuni iliyoleta au kusambaza mbolea. Kwa hiyo orodha ni mbili: ya namba za wakulima zilizotumika na ya kampuni zilizolipwa. Anayeomba ya kwanza tu ameomba nusu ya hadithi, tena ile nusu isiyo na fedha.

Ukiipata ya pili, fanya hesabu ya lori. Semi-treila linabeba tani 30, yaani mifuko 600. Chukulia kijiji cha kaya 400, wastani ekari mbili: ekari 800, kila ekari mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, jumla mifuko 1,600. Ni malori pungufu ya matatu kwa msimu mzima. Sasa kama mfumo unasema wakala wa kijiji hicho kauza 6,000, yangehitajika malori kumi, na kijiji cha namna hiyo hakipitiwi na malori kumi bila watoto kuyahesabu. Ziada ya mifuko 4,400 kwa ruzuku ya shilingi 50,000 kila mmoja ni milioni 220. Kabla ya kupiga kelele, uliza kama wakala anahudumia vijiji jirani. Mara nyingi anahudumia, na hesabu inakaa sawa.

Angalia pia saa ya muamala. Mtu mmoja mwenye simu moja, mtandao wa kijijini na foleni ya wakulima hawezi kukamilisha miamala mia tatu kwa saa. Ikionekana hivyo, kuna aliyekaa mezani na karatasi ya namba. Namba moja ya simu iliyosajiliwa kwa wakulima ishirini ni dalili nyepesi zaidi: inaweza kuwa kishoka, inaweza pia kuwa mtendaji aliyeandika simu yake kwa wazee wasio na simu. Majina nayo yanahitaji mkono mpole. Juma Hamisi na Hamisi Juma wanaweza kuwa baba na mwana. Athumani, Othman na Asumani anaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani watatu.

Namna ya kuomba

Kwa Tanzania tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ni haki ya raia, ombi liwe la maandishi, na taasisi ina siku 30 kujibu. Kenya ina sheria yake ya 2016 chini ya Ibara ya 35 ya Katiba: siku 21, na ukinyimwa unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nchi zote mbili zina sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, na ofisa asiyetaka kazi ataziegemea. Usimpe nafasi: usiombe namba ya kitambulisho, namba ya simu wala jina la mkulima mdogo. Huvihitaji. Andika kitu cha namna hii:

"Naomba, kwa msimu uliotajwa, jedwali linaloonyesha kwa kila wakala: kijiji na kata alipo, aina ya mbolea, idadi ya mifuko iliyopokelewa, idadi iliyouzwa kwa ruzuku, tarehe na saa ya kila muamala, na idadi ya namba za wakulima zilizotumika bila kuzitaja. Pia jumla iliyolipwa kwa kila kampuni, tarehe ya malipo na idadi ya mifuko iliyolipiwa. Naomba jedwali liwe katika faili la Excel, lisiwe picha ya karatasi."

Sentensi ya mwisho ina kazi. Picha ya kurasa 400 zilizopigwa skana ni jibu halali kisheria na ni kaburi kwa msomaji.

Kwa ubao wa kijiji ningeomba kinyume chake: majina yote, ekari zilizoandikishwa na mifuko iliyotoka, yabandikwe baada ya kila mwezi wa mauzo na yasomwe kwenye mkutano mkuu. Mtandaoni jina litoke kwa anayevuka kiwango fulani tu, tuseme mifuko 50, pamoja na mawakala na kampuni zote bila kiwango. Hapo Ulaya na Kilimanjaro vinakutana: mdogo anaonekana na jirani zake, mkubwa anaonekana na nchi nzima.

Ombi lipelekwe mapema. Likifika ofisini Novemba, siku 30 zinaishia Desemba, mbolea ya kupandia imeshaingia ardhini, na marekebisho yoyote yatakuwa ya msimu ujao. Takwimu za msimu uliopita ziombwe Julai au Agosti, na nakala ya ombi igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo.